Fundi wa Mirongo aliyetia sauti ndani ya deraya

Saa tatu asubuhi, Prudencia Kokulinda ameingiza kichwa na mikono yote miwili ndani ya kifua cha bati. Kifua chenyewe kimelazwa juu ya meza ya kibanda chake cha ufundi redio kilichopo Mirongo, jijini Mwanza. Kinachoonekana kwa nje ni mgongo wa mama huyo, kitenge cha njano alichojifunga kiunoni, na kandambili za bluu zinazosogea sogea sakafuni kila anapotafuta pa kusimama vizuri.

"Nipe ile spika ndogo," anasema kutoka humo ndani. Hasikiki vizuri, ni kama mtu aliye kisimani.

Anayempa spika ni Nkwabi, fundi bati kutoka Mkolani. Yeye ndiye aliyeunda vazi zima lenye kifua hicho.

"Umesikia sauti yangu?" Prudencia anauliza akichomoa kichwa, nywele zimejaa vumbi la bati. "Shida ndiyo hiyo. Mtu akisema humu, bati linaimeza sauti yote. Anayesikia ni yeye mwenyewe tu. Walio nje wanasikia ng'o-ng'o-ng'o."

Vazi hilo ni deraya, lile vazi la chuma walilovaa askari wa zamani wa nchi za mbali kwenda vitani. Nkwabi aliiona picha yake katika kitabu cha shule akaichora upya kwa chaki kwenye sakafu ya karakana yake. Alitumia bati la kuezekea na kipande cha pipa la mafuta, akafunga viungo kwa ribiti na kupaka rangi ya fedha. Kuna kifua, mabega, vikinga magoti, na kofia inayofunika uso mzima isipokuwa ufa mwembamba wa macho. Kazi hiyo ilimchukua wiki tatu.

Leo ni Jumatatu. Jumapili ijayo deraya inatakiwa kuingia uwanjani Kisesa, kwenye mashindano ya ngoma, ikiwa na mtu ndani yake. Na mtu huyo anatakiwa kuimba.

*

Aliyewahi kuhudhuria mashindano ya ngoma za Wasukuma anajua utaratibu. Makundi mawili husimama pande mbili za uwanja na kucheza kwa wakati mmoja. Watazamaji wako huru kwenda watakako. Kundi lililovuta watu wengi ndilo lililoshinda.

Ndiyo maana kila kundi hubuni kituko chake. Kuna waliowahi kuleta ndege ya mbao, kuna waliocheza na chatu, kuna walioleta mwanasesere mwenye kichwa kinachozunguka.

"Watu wanadhani na hili ni kituko," anasema Nkwabi, ambaye ndiye kiongozi wa kundi lenye wachezaji ishirini na sita. "Tumewaacha wadhani hivyo. Lakini sisi deraya hatukuitengeneza ili watu washangae. Tumeitengeneza ili tumfiche Mzee Shimba."

Shimba ana miaka hamsini na nane. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa manju wa kundi hilo, mtunzi na mwanzishaji wa nyimbo. Wanaomkumbuka wanasimulia kwamba akianza kuimba karibu na mnada wa ng'ombe, wanunuzi waliacha bei hewani wakaenda kusikiliza. Hakuwahi kutumia kipaza sauti. Alikuwa akivikebehi, akisema ni magongo ya watu wasio na mapafu.

Miaka minne iliyopita alianza kuvimba shingo. Tezi ilikua mpaka ikamzuia kumeza ugali. Alipofanyiwa upasuaji, madaktari walimweleza kwamba uvimbe ulikuwa umekwisha kuuzingira mshipa unaoendesha sauti, na kwamba wasingeweza kuutoa mmoja bila kuugusa mwingine. Waliokoa maisha yake. Sauti haikurudi.

Alichobaki nacho ni mnong'ono. Ili umsikie ni lazima usogeze sikio karibu na mdomo wake, na redio ya jirani iwe imezimwa.

"Aliacha kuja mazoezini," anasema Nkwabi. "Tukimfuata nyumbani anatupokea vizuri, tunakula, lakini mtu akigusa ngoma tu, anainuka kwenda kuangalia ng'ombe. Mwaka huu nikamwambia: kaka, nimepata njia. Utaimba na hakuna atakayeona waya. Kisha akaniuliza kwa mnong'ono ule, nitavaa nini?"

*

Prudencia aliikataa kazi hiyo mara ya kwanza.

Ni mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mzaliwa wa Kamachumu, wilayani Muleba. Alikuja Mwanza miaka ishirini na minne iliyopita na kuanza kutengeneza redio barazani kwa mtu kabla ya kupata kibanda chake. Siku nzuri humwingizia shilingi elfu ishirini, siku mbaya hurudi nyumbani na nauli peke yake. Wateja wake wakubwa ni makanisa, wenye baa, na watangazaji wa mtaani wanaozunguka na spika juu ya gari.

"Nilimwambia Nkwabi, hiyo ni michezo. Mimi nina amplifaya tatu za watu hapa, wananipigia simu kutwa," anasema. "Basi kesho yake akaja na mzee mwenyewe."

Anakumbuka kwamba alimwamkia, "Shikamoo, mzee," na hakusikia jibu. Akadhani mgeni ana kiburi. Akainua macho, akaona midomo inatembea.

"Nikasogea. Nikainama hivi, sikio hapa. Ndipo nikasikia, marahaba, mwanangu."

Prudencia anachukua kitambaa na kufuta meza ambayo haina uchafu.

"Ile pumzi niliijua," anasema.

Ufundi alifundishwa na baba yake, mzee Rwehumbiza, ambaye alikuwa fundi redio pekee katika kijiji chao. Msimu wa kahawa ulipomalizika, watu walipanga foleni na redio zao wakitaka zipone kabla ya Krismasi. Kaka zake walipelekwa shule za mbali. Yeye alibaki nyumbani, akawa anashika tochi baba anapolehemu, kisha akawa analehemu baba anaposhika tochi.

Mwaka 2016 mzee huyo aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Kabla hata ya kifo ilimchukua sauti.

"Tata, yaani baba, alikuwa akinipigia simu kila Jumapili baada ya misa," anasimulia. "Hasemi kitu, anapumua tu. Mimi ndiye ninayeongea. Namuuliza, Tata, umekula? Anagonga simu kwa ukucha mara moja, yaani ndiyo. Tata, unaumwa? Anagonga mara mbili, yaani hapana. Alikuwa anadanganya, lakini kwa ukucha huwezi kumjua anayedanganya."

Hali hiyo ilidumu miezi minane, kisha Jumapili moja simu haikuja.

"Wiki mbili baada ya mazishi nilikuwa hapa hapa, nimefungua redio ya mtu. Mkono ukasimama wenyewe. Nikajiuliza, Prudencia, wewe kazi yako ni nini? Siku zote hizo nilikuwa nimezungukwa na spika kumi na tano. Ningeweza kumtengenezea kidude cha kuning'iniza kifuani, akaninong'oneza, nikasikia. Alikuwa na mengi ya kusema, nilikuwa nayasikia yanampanda. Haikunijia akilini hata siku moja. Hata siku moja!"

Ndivyo alivyoikubali kazi ya Shimba. Malipo aliwaambia wanunue vifaa tu, ambavyo havikuzidi shilingi elfu arobaini. Ufundi haukuwa na bei.

*

Siku ya Jumanne mtambo wa kwanza ulifungwa na kushindwa mbele ya mtaa mzima.

Prudencia alikuwa ameweka maiki ndani ya kofia na spika ndani ya kifua. Nkwabi alipoivaa deraya na kusema "haloo", ilitoka filimbi kali iliyowafanya wauza mihogo wa upande wa pili kuziba masikio. Ilikuwa ikipiga kelele hata pale Nkwabi alipofunga mdomo. Sauti ya spika ilikuwa inagonga bati, inarudi kwenye maiki, inatoka tena na kugonga tena.

"Bati lote lilikuwa linaimba," Prudencia anacheka. "Nikajua hapa sipigani na spika. Napigana na kazi ya Nkwabi."

Jumatano aliianza upya. Alimwomba Nkwabi atoboe tundu tumboni mwa deraya, akaigeuza spika itazame nje, na kuizungushia mpira wa tairi la ndani ili mtikisiko wake usifike kwenye bati. Kofia na kifua alivipachika vipande vya godoro kuukuu. Maiki aliitoa kwenye vifaa vya kusikilizia simu, akaifunga kwenye waya uliopindwa kufuata shavu, ikakaa pembeni mwa midomo, karibu kabisa, ili iinyake pumzi na si kitu kingine. Betri ya taa ya sola aliiweka mgongoni kwa sababu ni nyepesi kuliko ya pikipiki.

Alhamisi, Shimba alikuja na mke wake, Ng'washi.

Walimvika kibandani, kipande kwa kipande. Alikuwa mtu mrefu, na kofia ilipokaa kichwani ilikaribia kugusa dari. Prudencia alikiwasha kifaa na kurudi nyuma. Kwa muda hakikusikika kitu zaidi ya pumzi, lakini pumzi yenyewe ilijaa kibanda kizima.

Kisha tumbo la bati likasema, "Ng'washi."

Mwanamke huyo aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango aliinuka. Akatazama kofia. Akatazama spika. Hakujua atazame wapi.

"Ng'washi, mbona umesimama? Kaa," deraya ikasema tena. Ilikuwa sauti ya mkwaruzo, nyembamba, kama redio iliyo mbali na stesheni. Lakini maneno yalikuwa mazima.

"Miaka minne sijaitwa kutoka upande wa pili wa chumba," Ng'washi alisema baadaye, macho yakiwa bado mekundu. "Akinihitaji anakuja, ananigusa bega. Leo ameniita. Ameniita kutoka tumboni, lakini ameniita."

Alipoulizwa kama ile ni sauti ya mumewe, alitikisa kichwa. "Hapana, Mama Fundi asinisikie vibaya. Sauti ya Shimba naijua. Ile haipo tena, nimeshailia. Haya ni maneno yake. Nimeyamisi maneno yake pia."

*

Jumapili uwanja wa Kisesa ulifurika tangu saa nne. Kundi pinzani lilikuwa na vijana waliokuwa wakirusha majembe juu na kuyadaka migongoni, na watu walikuwa wamekwisha jazana upande wao.

Saa nane mchana ngoma za kundi la Nkwabi zilinyamaza ghafla. Wachezaji wakafungua njia, na deraya ikaingia ikitembea taratibu, bati likigongana magotini. Watu walicheka na kunyoosha vidole. Prudencia alikuwa amesimama kwenye ukingo wa duara, bisibisi imechomekwa kwenye kilemba.

Deraya ilisimama. Ikaanza kuimba.

Wimbo ulikuwa wa Kisukuma, alioutunga Shimba mwenyewe katika kimya cha miaka minne. Ulisema: mlioniuliza nimekwenda wapi, nilikuwa hapa hapa, mlipita mlangoni kwangu mkidhani nyumba haina mtu.

Kilichofuata kilionwa na wote waliokuwepo. Mzee mmoja upande wa pili wa uwanja aligeuka, akashika kiuno, akasema kwa sauti, "Huyo ni Shimba!" Watu wakaanza kuvuka. Kwanza walikuwa watu wazima, wale waliomjua, wakitembea haraka haraka. Kisha wakafuata wengine wasiojua wanakimbilia nini. Kwa karibu nusu saa, upande wa kina Nkwabi ndio uliokuwa na watu.

Joto ndilo lililowaponza. Ndani ya bati, chini ya jua la mchana, jasho la Shimba lilitiririka shavuni likaingia kwenye maiki. Sauti ikaanza kukatika. Kisha ikazimika kabisa.

Na Shimba hakujua.

Ndani ya kofia alikuwa akijisikia sawasawa. Aliendelea kuimba, mikono ya bati ikipanda na kushuka, kichwa kikigeuka huku na huku kuwatazama watu wake, na nje hakutoka hata neno. Baadhi wakacheka tena. Wengine wakasubiri. Nkwabi alipogundua, aliudaka wimbo pale ulipokatikia na wachezaji wakamwitikia, lakini watu walikuwa wamekwisha kuanza kurudi kwenye majembe.

"Nilitaka kuingia nimfute jasho," Prudencia anasema. "Wakanishika, huwezi kuingia duara la watu. Nikasimama pale natazama mtu anaimba na hakuna anayemsikia. Kwangu ilikuwa mara ya pili."

Jioni wazee wa mashindano walitangaza ushindi kwa kundi la majembe. Hakuna aliyebisha.

Nkwabi na wenzake walimkalisha Shimba kivulini, juu ya kreti la soda. Prudencia alifungua kofia kidogo, akakausha maiki kwa ncha ya kitenge, akapuliza. Pumzi ikasikika kutoka kwenye spika. Kifaa kilikuwa kimepona.

"Haya Baba Winnie, vua sasa," Ng'washi alimwambia. "Jua limekumaliza. Vua unywe maji."

Alikunywa maji kwa mrija kupitia ufa wa kofia. Lakini alipoguswa bega ili afunguliwe, aliushika mkono wa mkewe.

"Niacheni kidogo," spika ilisema.

"Utakufa na joto humo."

"Nikivua nitanyamaza tena."

Hakuna aliyemgusa. Waliokuwa wakifungasha ngoma waliziacha chini, wakakaa. Shimba akaanza kuzungumza nao akiwa ndani ya bati lake. Alimuuliza Nkwabi habari za mguu wa mama yake. Alimuuliza pia shamba lake la dengu liliishaje mwaka ule ambao yeye hakuuliza. Alimtania mpiga ngoma mmoja kwamba amenenepa, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Alimwita kila mmoja kwa jina. Alizungumza mpaka betri ilipokwisha, na hapo akanyoosha mikono yake wamvue.

*

Deraya sasa imetundikwa kwenye karakana ya Nkwabi, Mkolani. Kwa Prudencia kimebaki kifaa kilichokuwa ndani yake, kimefunguliwa, kimetandazwa juu ya meza.

"Kule Kisesa nilijua nilikosea," anasema. "Si kosa la waya. Nilimtengenezea sauti ambayo haiwezi kukaa naye mezani. Mtu anataka kumwambia mkewe amwongezee mboga, avae bati kwanza?"

Anachokitengeneza sasa ni kisanduku kidogo kama pakiti ya majani ya chai, cha kuning'inizwa shingoni ndani ya shati. Maiki yake amemwomba fundi cherehani aishone kwenye ukosi. Ugumu ni kwamba filimbi imerudi, kwa kuwa spika na mdomo viko karibu mno. Na mvaaji akipita barabarani, maiki inadaka pikipiki kabla ya kumdaka yeye. Ametengeneza vitatu, vyote vimekataa.

Habari zimekwisha sambaa. Mwalimu mmoja wa Ilemela aliyepoteza sauti darasani amekuja kuulizia, na katekista mmoja ametuma ujumbe kutoka Ukerewe. Prudencia ameyaandika majina yao ukutani kwa penseli. Hajawaahidi kitu. Amewaambia tu wasibadilishe namba za simu.

Lakini mteja mwenye tarehe ni Shimba. Binti yake mkubwa, Winnie, anaolewa Septemba. Siku hiyo baba ndiye anayesimama mbele ya wageni, anasema neno lake, na kumkabidhi mtoto. Ndugu wamependekeza mdogo wa Shimba asome hotuba kwa niaba ya kaka yake. Shimba amekataa. Amekataa pia kuingia na deraya ukumbini, ingawa binti mwenyewe alisema haoni ubaya.

Kila Alhamisi anakuja Mirongo, anakaa kwenye kigoda, anafungua kifungo cha juu cha shati, na kujaribu. Wiki iliyopita, kisanduku cha tatu kilitoa maneno sita safi kabla ya kupiga filimbi. Waliyahesabu wote wawili.

"Hotuba yake ina kama maneno mia mbili, ameiandika kwenye daftari," anasema Prudencia huku akiinua kipande cha mpira kuelekea mwangani. "Nina wiki saba. Nimemwambia asiipunguze hata neno moja."

Kadi ya mwaliko ameshaipata. Wamempangia meza ya mbele, pamoja na familia, lakini ameomba wambadilishie.

"Nataka kiti cha nyuma kabisa, kule karibu na jikoni, sahani zinakogongana," anasema. "Nikimsikia nikiwa kule, nitajua kazi imekwisha."